Mche wa Fenesi na Koti la Joram

Jumamosi, 26 Februari 1994

Waceke, mbuzi hafungwi kwa kamba ndefu karibu na mche halafu mtu akaenda kwa jirani kusukwa nywele. Hata mtoto wa nasari anajua mbuzi ana shingo. Majani mawili ya juu yameliwa, na haya yaliyobaki yamekaa kama masikio ya mbwa aliyepigwa. Ukiniambia tena "pole, Mama, sikuona," nitakuuliza kama macho nayo yalikuwa yanasukwa.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Dholuo chako ni cha kuomba chumvi tu. Wewe ni bibi ya mwanangu Oduor, umezaliwa kwa watu wa viazi waliotoka Murang'a kuja kuuza hapa Kisumu, na miaka minne kwenye boma hili haijakufundisha kitu. Kiswahili mimi nilikipata Nairobi, kwenye nyumba za reli za Makongeni, mume wangu Nicodemus alipokuwa fundi wa breki za mabehewa. Shule nilifika darasa la tatu, lakini kuandika sikusahau. Daftari hili litakaa juu ya meza, wazi. Mnasema mdomo wangu ni mkali. Basi someni, pengine karatasi ina upole kuliko mimi.

Na ujue unalinda nini. Mwaka jana mwezi wa nane, Nicodemus akiwa amelala mgonjwa, kila chakula kinamrudi, rafiki yake wa reli, Waliaula, alitoka Busia na fenesi moja kubwa begani kama amebeba mtoto. Nicodemus alikula. Alikula mpaka akaomba mafuta ya kutoa ule utomvu kwenye ndevu. Halafu akaniambia nimletee mkebe wa mafuta ya Kimbo wenye udongo, akachomeka mbegu kwa kidole chake mwenyewe. Moja iliota. Mwezi wa kumi tulimzika. Mkebe ukabaki.

Huo ndio mche unaotaka kumpa mbuzi.

Jumanne, 1 Machi

Jua. Vumbi la barabara ya Busia limeingia hata kwenye unga. Mche nimeupa kikombe kimoja cha maji.

Jumamosi, 5 Machi

Joram amekuja. Joram ni ndugu mdogo wa Nicodemus, na tangu mazishi anatembea kwenye boma hili kama fundi wa nguo anayepima kitambaa. Leo alivaa lile koti lake la kahawia, la sufu, na jua lote hili. Nikajua kuna maneno.

Chai alikunywa kwanza. Halafu akaanza. Ati mvua inakaribia. Ati mwanamke aliyefiwa, kama hajarithiwa na ndugu wa mumewe, hawezi kuangusha mbegu ardhini, na mama asipopanda kwanza, mtoto wake wa kiume hapandi, wala bibi ya huyo mtoto. Boma zima litakaa likitazama majirani wakipanda. Hayo nayajua tangu sijang'oka jino la kwanza, hakuwa na haja ya kunifundisha. Akasema yeye hanitaki kwa mambo ya vijana, sote tumezeeka. Ataleta koti lake tu alitundike kwenye ukuta wa nyumba yangu. Nikilala usiku mmoja chini ya paa moja na hilo koti, imekwisha, nimerithiwa, nipande.

Koti tu. Ukisikia hivyo utafikiri ni jambo dogo. Lakini mwenye koti ndiye mwenye sauti ndani ya nyumba. Na kile kipande cha juu cha shamba, kando ya barabara, Joram ameshazunguka nacho mdomoni soko lote la Otonglo, anataka kuweka bucha. Agneta jirani yangu ndiye aliyeniambia, na Agneta hakosei habari za nyama.

Nikamwambia, "Nyumba hii ina misumari miwili. Mmoja wa kofia ya Nicodemus, mmoja wa mwavuli wangu. Wa koti lako hakuna."

Akacheka. Akaniita Nyar Alego, binti wa Alego, jina nililokuja nalo nikiwa msichana, akasema vichwa vya watu wa kwetu ni vigumu tangu zamani. Nikamwambia amalize chai, sukari ni ghali.

Jumatano, 9 Machi

Mawingu upande wa ziwa. Yametisha, halafu yameenda zao. Yana tabia kama za watu ninaowajua.

Jumamosi, 12 Machi

Nimeinua mkebe leo. Mzizi umetoka chini, kwenye tundu alilotoboa Nicodemus, mweupe, mrefu kama kidole changu cha kati, unatafuta ardhi. Waliaula alituambia siku ile ile: fenesi ni mti wa mzizi mmoja. Ukijikunja ndani ya mkebe, mti utadumaa. Ukikatika, mti utakufa. Mvua ikinyesha ni lazima uingie ardhini. Mti haungoji wazee wakae kikao.

Waceke aliniona nikiushika mkebe, akauliza kwa nini nisiupande tu. Nikamwambia kwamba hapa mwanamke kama mimi hapandi. Akasema baba yake alipokufa, mama yake alishika jembe wiki ile ile kwa sababu watoto walitaka kula. Nikamwambia hapa si kwa mama yake. Msichana huyu hunyamaza kama amekubali, lakini macho yake hayajakubali kitu.

Jumatano, 16 Machi

Mvua. Imetoka ziwani mchana, imepiga mabati mpaka hatukusikiana.

Alhamisi, 17 Machi

Agneta anapanda. Mama wa ng'ambo ya barabara anapanda. Kila mahali majembe. Sisi tunaangalia kama watu waliokosa tiketi.

Jumamosi, 19 Machi

Oduor amekuja kutoka Kondele, kule anakotengeneza redio. Nilimchinjia kuku kwa sababu ni mwanangu wa pekee aliyebaki, niliyemsomesha kwa kuuza omena, dagaa wa ziwani, na kila mtu wa Otonglo anajua ni kijana wa adabu. Alikula mguu mmoja akasukuma sahani.

Akaniuliza, "Mama, mpaka lini?"

Nikamwambia mpaka Joram achoke. Akasema Joram hatachoka, na shamba litaota magugu, na mwezi wa nane tutanunua mahindi kwa debe kama watu wasio na ardhi. Nikamjibu kwamba ardhi ndiyo hiyo hiyo anayotaka Joram, kwa hiyo akimpa Joram msumari wa koti leo, kesho atanunua mahindi na nyama pia, kwenye bucha ya baba yake mdogo.

Hapo ndipo akamchukua Amolo, mtoto wao, akamkalisha gotini. Amolo anakohoa tangu Februari.

"Si mahindi ninayoogopa, Mama," akasema. "Ni huyu. Ukiruka jambo, chira haikupigi wewe. Inampiga mdogo."

Chira ni ile laana inayokausha mtoto wakati mkubwa amevunja mila. Nimeona watoto wakikauka. Nimeona pia mama zao wakiwa hawana maziwa, lakini hilo halizungumzwi kwenye kikao. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amemshika mtoto mbele yangu kama ngao, na nilikasirika zaidi kwa sababu niliogopa.

Waceke alikuwa mlangoni. Alimchukua mtoto kutoka kwa Oduor, akaenda naye nje.

Jumapili, 20 Machi

Pasta amehubiri kwamba Mungu ndiye mume wa wajane. Baada ya ibada nikamwuliza kama Mungu atakuja Otonglo kumwambia Joram. Akasema tuombe.

Jumanne, 22 Machi

Nimefanya. Sijamwuliza mtu.

Nilichagua kipande cha juu, kando ya barabara. Joram akisema ni kwa ajili yake, atakuwa amejipa ukubwa. Chini kule ni udongo mweusi, maji yanasimama kama kwenye karai, na fenesi likisimama majini linaoza mguu. Juu udongo ni mwekundu na maji yanateremka. Hapo tu ndipo panafaa. Nilichimba mwenyewe mpaka kiunoni, maana mzizi mmoja unataka njia laini.

Nilimwita Waceke ashike mkebe. Nikamwambia mara tatu asiuvute, kwamba akiuvuta mzizi utabaki ndani naye atabaki nje ya nyumba yangu. Akaenda kuchukua ile mikasi ya Oduor ya kukatia bati, akaupasua mkebe kutoka juu hadi chini, pande mbili, polepole, kama anayemvua mtoto aliyelala. Udongo haukumeguka. Mzizi ulishuka shimoni mzima. Nilitafuta cha kumgombeza nikakosa, nikamwambia tu miguu yake imekanyaga udongo niliouchambua.

Nikazungushia vijiti vya lantana, virefu, ili mbuzi apate kazi nyingine. Agneta alikuwa anaangalia juu ya ua.

"Min Oduor, kumbe umepanda?"

Min Oduor ni mama Oduor, ndivyo wanavyoniita hapa. Nikamwambia sijapanda, nimehamisha. Alicheka, akaenda haraka upande wa sokoni. Nilijua habari itafika kwa Joram kabla ya udongo kukauka mikononi mwangu.

Alhamisi, 24 Machi

Wamekuja. Joram mbele na koti lake, Mzee Opiyo, mkubwa wa ukoo, nyuma na fimbo, na mzee mwingine ambaye huja popote penye chai.

Joram alisimama kama wakili. Ati nimeangusha mbegu nikiwa na kifo mwilini. Ati nimewafungia watoto wangu mlango. Ati dawa ni moja, koti liingie leo.

Nikasubiri amalize. Halafu nikamwuliza Mzee Opiyo ni nani alipanda mti ule. Akasema yeye hajui, aseme mwenye mti. Nikasema ni Nicodemus, kwa kidole chake, akiwa hai, akiwa bwana wa boma hili. "Mimi nimeutoa kwenye mkebe nikauweka chini. Mtu akimtoa mtoto kitandani akamlaza kwenye mkeka, amezaa?"

Mzee Opiyo alicheka mpaka akashika ubavu. Yule mzee wa chai naye akacheka kwa sababu mkubwa amecheka. Joram hakucheka. Akauliza kama ni kuhamisha tu, kwa nini nihamishie pale juu.

"Kwa sababu chini kuna maji."

"Pale nimeshamwahidi mtu," akasema.

Lilimtoka tu. Alijaribu kulimeza, lakini wazee walikuwa wamelisikia. Mzee Opiyo akaanza kutazama ncha ya fimbo yake. Mwisho akasema mti ni wa marehemu, ukae. Lakini mahindi ni mahindi, na kabla ya koti mimi siangushi punje, wala Oduor. Wakaondoka. Chai yangu walikunywa yote.

Jumatatu, 28 Machi

Mvua kila siku. Mahindi ya Agneta yana majani mawili. Yetu ni magugu, na yamestawi vizuri, asante.

Alhamisi, 31 Machi

Jani jipya kwenye mfenesi, dogo, limekunjwa kama mkono wa mtoto mchanga. Nilimwonyesha Amolo. Akaniuliza, "Dani," yaani nyanya, "litakuwa la kula?" Nikamwambia sharti akue kwanza, yeye na mti. Alikohoa. Nikamfunga shuka shingoni.

Jumatatu, 4 Aprili

Ninaandika jikoni, nimekaa juu ya gunia la makaa, kwa sababu nyumbani kwangu nimetolewa.

Jana ilikuwa Pasaka. Nilienda kanisani mjini na akina mama wenzangu, tukaimba, tukala, nikarudi jioni na miguu imevimba. Oduor alikuwa amekuja kwa sikukuu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje, na aliponiona hakuinuka kunipokea kikapu. Nikajua.

Niliingia ndani. Kofia ya Nicodemus ilikuwa juu ya kiti. Kwenye msumari wake lilikuwa koti la Joram, limetundikwa vizuri, mabega sawa, kama liko dukani.

Nilitoka. Nikamwuliza Oduor ni nani aliyefungua mlango, maana ufunguo niliuacha mahali ambapo watu wawili tu wanapajua.

"Ni mimi, Mama."

"Joram alikulazimisha?"

"Hapana. Nilimwita."

Nilitamani angesema uongo. Alisema Amolo hakulala usiku wa Ijumaa kwa kukohoa, na kwamba nikilala ndani usiku mmoja tu, bila kuongea na mtu, bila hata kulitazama koti lenyewe, kila kitu kitafunguka, atapanda Jumanne na mtoto atapona. Alisema "usiku mmoja tu, Mama" kama anayenipa dawa chungu. Huyu ndiye niliyekuwa ninamsifu sokoni. Kijana wa adabu. Amemfungulia mtu mlango wa mama yake mama akiwa anamwimbia Mungu.

Na mtego wenyewe ni mzuri, lazima niseme. Nikilala ndani, nimerithiwa. Nikilishusha koti kwa mkono wangu, Joram atasema nimelipokea, kwa kuwa mwanamke ndiye anayeshika koti la mwanaume wake. Oduor hawezi kulishusha kwa sababu ndiye aliyelikaribisha. Nyumba niliyoikandika mimi, sakafu niliyoisiriba kwa kinyesi cha ng'ombe kila Ijumaa kwa miaka yote, leo nimefukuzwa na nguo isiyo na mtu ndani.

Nimelala jikoni na nitalala jikoni tena. Waceke ameniuliza hilo koti ni la nani. Nikamwambia afunge mdomo apike. Amenitandikia blanketi lake.

Jumanne, 5 Aprili

Jikoni. Moshi. Mgongo. Oduor amerudi Kondele bila kuniaga, na mimi sikutoka.

Ijumaa, 8 Aprili

Wiki hii nimekuwa na mengi ya kufanya kuliko kuandika. Leo nitayasema yote.

Jumatano mchana mbingu zilikuwa nyeusi mapema. Nilikuwa jikoni na Amolo mapajani. Kwanza matone makubwa, halafu mvua ya mawe, mawe kama punje za mahindi, baadaye kama mayai ya njiwa. Nikafikiria lile jani jipya. Nikasimama, lakini mtoto alikuwa ameninasa shingoni kwa hofu.

Nilimwona Waceke akikimbia. Hakukimbilia jikoni. Aliingia nyumbani kwangu, akatoka na kitu amekifunika kichwani, akapanda mpaka juu barabarani akiinama, mawe yanampiga mgongoni. Mvua ilikuwa nene, sikuona zaidi. Aliporudi alikuwa mtupu mikononi, damu kidogo juu ya sikio, anatetemeka. Nikamgombeza kwa kutoka nje. Akasema, "Mti uko sawa, Mama."

Mvua ilipokatika jioni nilipanda juu. Mahindi ya Agneta yalikuwa yamechanika kama mboga za kukatwa. Na mfenesi wangu ulikuwa umesimama ndani ya koti la Joram. Waceke alikuwa amelivika juu ya vijiti, mabega mawili kwenye vijiti viwili, akafunga vifungo vyote mpaka juu. Kwenye kola vilikuwa vimechungulia vijani, vibichi, vizima.

Nikamwuliza, "Wewe ulijua koti hili ni la nini?"

"Nilijua ni la sufu, Mama," akasema. "Na lilikuwa limekaa bure."

Nilimtazama sana. Alinitazama pia, na yale macho yake ya kutokubali yalikuwa yale yale. Sijui kama alijua. Miaka minne nimemwita mjinga, na sijui. Sikulishusha koti, maana mimi silishiki. Yeye pia hakulishusha. Likalala pale.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko. Watu wote wa kwenda Otonglo walipita mbele ya koti la Joram, limesimama kando ya barabara kama mtu anayengoja gari. Wa kwanza walisimama kushangaa. Wa pili walielewa. Agneta alitoka shambani kwake, mahindi yamekufa, lakini mdomo mzima, akapiga kelele mpaka ng'ambo: "Shemeji Joram, njoo uchukue bibi yako, amelowa!" Mwingine akasema bibi mwenyewe ni mrembo, hana maneno. Mwingine akauliza mahari ni mbuzi wangapi. Sikucheka. Nilikuwa na hasira ya siku tatu za moshi, lakini nilisimama mahali pa kusikia vizuri.

Oduor alikuwa amerudi asubuhi hiyo kwa sababu habari ilimfikia Kondele. Mzee Opiyo pia alikuja, akazunguka koti mara moja, akaligusa kwa fimbo. Joram alifika mwisho, jasho limemjaa.

Mzee Opiyo akamwambia, "Koti lako limeshalala, Joram. Limelala mahali pake. Koti haliendi kulala kwa wawili."

Hiyo ndiyo mila yenyewe, hakuna aliyeitunga siku hiyo, na Joram anaijua kuliko sisi sote. Angeondoka tu, ningesema ni mtu aliyeshindwa. Lakini watu walikuwa wanacheka. Alishika koti kwa mikono miwili akalivuta. Vifungo vilikuwa vimefungwa. Vijiti vilivunjika, na mche ukavunjika pamoja navyo, nusu ya juu yote, pamoja na lile jani.



Niliinama nikaokota kile kipande kilichovunjika. Utomvu ulikuwa unatoka, ule ule wa kwenye ndevu za Nicodemus. Nikamwekea Joram mkononi, juu ya koti lake lililolowa. Nikamwambia, "Beba. Hii ndiyo umerithi."

Alitaka kusema. Oduor ndiye aliyesimama kati yetu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona baba yake akipigwa. "Baba mdogo, nenda nyumbani," akasema, taratibu. Joram alienda, na hakuna mtu aliyemcheka tena, ilikuwa imepita kucheka.

Mimi sikungoja. Niliingia nyumbani kwangu. Nikarudisha kofia kwenye msumari. Nikachukua mahindi ya mbegu kwenye kibuyu, nikashika jembe, nikaenda shambani mbele ya watu wote waliokuwa barabarani. Nikachimba, nikaangusha. Nikachimba, nikaangusha. Niliogopa, sitadanganya, kwa sababu ya yule mtoto. Lakini niliangusha mpaka mstari ukaisha. Hakuna aliyenirithi. Nimepanda.

Jumatatu, 11 Aprili

Nimepanda nusu ya chini. Oduor hajapanda. Anakaa anamtazama Amolo kifuani, anahesabu pumzi. Wewe Oduor, unangoja mtoto azidiwe ili ujue kama mama yako ameleta laana. Utapata jibu gani hapo?

Waceke hakungoja. Amembeba mpaka zahanati kwa miguu, matope haya. Wamesema ni mapafu, wamempa sindano na chupa ya dawa ya rangi ya waridi.

Alhamisi, 14 Aprili

Usiku mzima nilimsikiliza. Alikohoa kidogo. Sikusali kwa adabu, nilimwambia Mungu wazi kwamba akimgusa huyu nitakosana naye.

Jumapili, 17 Aprili

Amolo amekula ugali na omena, halafu nimemkamata na mkono kwenye sukari. Nimempiga makofi mawili madogo, nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa kidogo peke yangu.

Jumatano, 20 Aprili

Nimekwaruza gome la mche kwa ukucha, chini ya mahali ulipovunjika. Ndani ni kijani. Chipukizi bado hakuna. Waceke anataka kuumwagia maji kila jioni. Nimemwambia ardhi ina maji ya kutosha, na kwamba huruma nyingi inaozesha mzizi. Halafu nikamwambia ile kazi ya mikasi aliifanya vizuri. Alishtuka kana kwamba nimemtukana.

Jumamosi, 23 Aprili

Joram amemtuma yule mzee wa chai kuniambia kwamba mti umekufa, kwa hiyo neno la mti limekwisha, na Jumatatu atakuja na mtu wake kupigilia vigingi kule juu. Nilimjibu mzee kwamba leo hakuna chai.

Oduor alisikia. Alisimama akaenda juu, akakaa kando ya kile kisiki mpaka jua likashuka. Aliporudi aliniuliza kama mahindi niliyopanda yameota. Nikamwambia aende akaangalie mwenyewe, ana miguu. Alienda. Yameota.

Aliniomba msamaha kwa ajili ya mlango. Sijampa. Msamaha utakuja baada ya kazi.

Kwa hiyo sikilizeni, na mtu asiniambie hakusoma. Kesho ni Jumapili, Mungu ataelewa. Oduor, mama yako ameshapanda, zamu ni yako. Utapanda kipande cha juu chote, kigingi kikose pa kuingia, mistari minyoofu, uzunguke mche hatua mbili kila upande na usiuguse kwa jembe. Waceke, wewe utaweka vijiti vipya, vinene kuliko vile, na majani makavu chini, maji usimwage. Amolo atabaki na mimi. Mkisikia mtu wa vigingi anakuja, msiache kupanda, msimjibu, mwacheni aje azungumze na mimi. Jembe liko nyuma ya mlango. Oduor, anza upande wa barabara, watu wakuone.